Kipepeo wa Kinamasi cha Norfolk

Mchoraji wa vipepeo alikuwa na mazoea ya kunyonya ncha ya brashi kabla ya kila mstari, hata midomo yake ikaingia rangi ya samawati, na Keziah, mpishi wake, alikuwa amechoka kumwonya kwamba rangi ni sumu. Bibi huyo alizungumza kwa sauti ya chini nyumba nzima, maana viwavi walijaa kwenye mitungi ya kioo mpaka juu ya kabati la vyombo, naye aliamini kelele huwakatisha hamu ya kula. Hakuchora kipepeo ambaye hajamwona akiruka. Ndiyo maana, baada ya miaka kumi na tisa, kitabu chake kilibakiza ukurasa mmoja mtupu, wa yule mwekundu kama shaba aliyetoweka kinamasi kilipokaushwa ili palimwe ngano. Kila Julai alivaa buti za marehemu kaka yake, akazunguka mitaroni kumtafuta, akarudi na sketi iliyolowa hadi magotini.

Mwaka huu mkulima jirani, Bwana Thurlow, alimletea mmoja wa aina hiyo ndani ya kasha, mkavu, aliyechomwa pini zamani na baba wa mkulima huyo.

"Mchukue, Bibi. Umalize kitabu, upumzike."

Alimtazama kipepeo yule mpaka chai ikapoa. "Akitua, mbawa alizikunja au aliziacha wazi?"

"Nilikuwa mtoto, Bibi. Walikuwa wengi mno. Nani angewaangalia?"

Keziah alimwona bibi yake akilifunika kasha polepole na kumrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akavuta kiti karibu na mgeni.

"Hata hivyo," alisema, "nisimulie walivyoruka."