Aliyekufa ni Jini

Walisema sitaweza. Jirani yetu alitangaza kwamba mtoto aliyelelewa juu ya dungu hata barua ya posa ataandikiwa na mwenzake. Wiki iliyopita nilishuka Ikwiriri na boksi la vitabu vyenye jina langu kwenye jalada, hadithi ya vijana, ya majini na binti shujaa. Stashahada yangu ya ukutubi niliibeba pia, ndani ya fremu, asije mtu akasema nimeiokota. Nisamehe majivuno, ndugu yangu. Nimeyatolea jasho.

Pale stendi mama mmoja alikuwa akiuza pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, na harufu yake ikanirudisha shambani kwa bibi.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga. Mpunga ukianza kukomaa, bibi na mimi tulihamia humo kuamia ndege. Tangu alfajiri hadi jua lizame, kazi ni kupiga kelele, kuvuta kamba za makopo na kurusha udongo kwa kombeo. Ukisinzia kidogo kundi linashuka, na chakula cha mwaka kinaondoka nalo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa na mitumba imeanza kumiminika. Bibi alininunulia koti, na mfukoni mwake nikakuta kitabu cha Kiingereza kilichochanika mwishoni. Kilisimulia mambo ya Ugiriki ya kale: binti wa rika langu, baba yake ni mungu wa mto, na mungu mkubwa wa mbinguni anaukausha mto huo. Mwalimu wa shule aliniazima kamusi. Nilisoma neno kwa neno, mengine nikikisia, na nakwambia darasani mwetu hakuna mwingine ambaye angethubutu.

Watoto wa madungu mengine walitaka kusikia, lakini nani aache mpunga? Basi nikawa natafsiri na kupaza sentensi moja moja, kwa sauti ileile ya kuamia. Binti wa jirani, dungu la pili, aliipokea na kuipeleka la tatu, la tatu likaipeleka la nne. Ndege walikimbia, hadithi ikasafiri. Bibi alicheka huku akitwanga, akasema mwaka huu tunaamia kwa Kizungu.

Mpaka mchana ule nilipofika pale baba wa yule binti anapokata roho. Nikapaza: "Mungu wa mto kafa!"

Binti wa jirani alikuwa na muwa mdomoni. Akaipeleka nusu: "Mungu kafa!" Ikapita dungu la tatu, ikafika la nne, na dungu la nne lilikuwa la mwalimu wa chuo, aliyetufundisha Kurani.

Makopo yakanyamaza bonde zima.

Baada ya sala ya alasiri niliitwa barazani kwake. Bibi alinishika mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia. "Hebu rudia ulichotangaza shambani."

Nikakificha kitabu nyuma ya mgongo.

"Basi kitabu kinaingia jikoni, na chuo changu usikikanyage tena."

Kufukuzwa chuo kwetu kulikuwa aibu ya ukoo; bibi angenyooshewa kidole kila penye maulidi. Lakini nikiri kwako, mimi nilikililia kitabu.

"Mwalimu," bibi akasema, "huyu hakukufuru. Amekosa neno. Huyo wa mtoni ni jini tu. Au majini hawafi?"

"Wanakufa."

"Basi kafa jini."

Mmoja wa wazee waliokaa nyuma yetu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwalimu hakucheka. "Haya. Soma kilichobaki. Ukisema mungu hata mara moja, kinaungua."

Nikasoma. Kila jicho lilipokutana na neno lile ulimi ulikwama, nikalivuka: jini wa bahari, jini wa radi, jini mkubwa. Binti akasimama mbele ya jini mkubwa, mkono wa jini ukainuka, na hapo karatasi zikaisha.

"Endelea," mwalimu akasema. Alikuwa ameinama mbele.

Nikaendelea, macho kwenye jalada tupu. Binti wangu akamwambia jini mkubwa kwamba mto usiporudi mpunga utakufa, na ndege wote watahamia kwake kutafuta chakula. Sijui nililitoa wapi. Jini akaogopa, mto ukarudi.

Mwalimu alikichukua kitabu, akapapasa pale kilipochanika. Kisha akanirudishia. "Majini wako wana adabu kukushinda."

Bibi hayupo tena, wala mwalimu wa chuo. Madungu yamebaki machache, na moja nililoliona limefungiwa redio kwenye nguzo, inaamia peke yake. Lakini juzi nimemlipa kila aliyenikopesha. Mwalimu wa shule amepata kamusi mpya. Chuoni nimeacha nakala ya kitabu changu. Bibi nimemlipa ukurasa wa kwanza kabisa, kwa neno lake: jini.

Nilimaliza kwa binti wa jirani, sasa mama wa watoto watano. Alikigeuza kitabu mikononi.

"Mwisho umo?"

"Umo."

"Wote?"

"Wote."

Akasogea ukingoni mwa mpunga, akavuta pumzi, na safari hii hakukata kitu: "Jini wa mto kafa!"

Hakuna dungu lililopokea. Ndege tu ndio walioruka.