Masika Tuliyokataa Kuondoka Kijijini

Tangu juzi simu yangu haina adabu. Inalia nikimenya mihogo, inalia nikiwa msalani, inalia shima, ugali wetu wa huku, ikiwa jikoni inataka kugeuzwa. Ni kundi letu la watoto wa mtaa mmoja, ambao leo wote ni watu wazima wenye watoto na maumivu ya mgongo, na kisa chenyewe ukikisikia utacheka. Lile jogo la utotoni mwetu, yaani mchezo wa kwenye televisheni, la kijana wa upanga anayezunguka dunia akipigana na mazimwi, linatengenezewa toleo jipya, na wenyewe wanaolitengeneza wameuliza mashabiki wanataka nini safari hii. Basi watu wazima hawa, mmoja Pemba ya huku kwetu, si ile ya kisiwani, mmoja Mtwara, mwingine shambani kwake Mute, wamegeuka wabunge.

Mmoja anataka dunia kubwa kuliko zote zilizotangulia. Mwingine anataka farasi asiyekwama kwenye miti. Yuko anayetaka kijana aoe, tena awe na ruhusa ya wake wawili, na wanawake wa kundi wakamrukia mpaka akajitoa, kisha akarudi kimya kimya jioni. Mtani wangu, ambaye sasa ni fundi wa simu Pemba na ndiye pekee anayeweza kuandika Kiingereza cha kueleweka, amesema atakusanya maombi yetu ayapeleke. Kila mtu ombi moja. Mimi peke yangu sijasema.

"Mana, dada yangu, tunakungoja wewe tu," ameniandikia asubuhi. "Au huko Quitunda mmesahau kuota?"

Sijasahau. Kipo ninachokitaka, na ninakitaka sana, hata naona haya kukiandika mbele ya watu wanaobishania farasi. Ngoja nikueleze wewe kwanza, rafiki yangu. Pengine nikimaliza nitajua namna ya kukisema.

Kijiji chetu cha zamani kilikuwa ufukweni, pale ambapo leo kuna uzio na taa za mradi wa gesi. Jirani yetu alikuwa amekaa Mtwara miaka mingi akifanya kazi za ujenzi, akarudi na televisheni, jenereta, na kisanduku cha kuchezea majogo kilichokuwa na diski moja tu. Moja! Kwa hiyo sisi hatukuwa mashabiki wa kuchagua, tulikipenda tulichopewa. Kiingilio kilikuwa ndoo ya maji. Ukichota kisimani ukammwagia kwenye pipa lake, unaingia na kukaa. Wakati wa likizo ungetuona tumejipanga na ndoo kichwani ungedhani kuna harusi. Chumba kilinuka petroli na samaki wa kukaanga, maana mkewe alikaanga papo hapo uani, na jenereta ilinguruma kiasi kwamba muziki wa jogo tulikuwa tunaukisia tu.

Maneno yote kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza. Jirani alisoma machache na kubuni mengi, nasi hatukujali.

Bibi yangu mara ya kwanza alikuja kunivuta sikio. Nilikuwa nimeacha mpunga kinuni nikatoroka. Alipofika mlangoni, yule kijana wa kwenye televisheni alikuwa anaingia nyumba ya watu. Akavunja mtungi uliokuwa pembeni, akachukua mkate mezani, akatoka zake. Bibi akaliachia sikio langu.

"Nyumba ya nani ile?"

"Ya watu tu, bibi."

"Kapiga hodi?"

Jirani akajaribu kumweleza kwamba hakuna kitufe cha hodi, ndivyo lilivyotengenezwa. Bibi akasema basi limetengenezwa na watu waliokosa malezi, akavuta mkeka akaketi. Tangu siku hiyo sheria ikawa yake. Kijana akifika mlangoni, aliyeshika komando, kile kidude cha vitufe, anamsimamisha. Chumba kizima kinaita "Hodi!", na bibi, ambaye sasa alikuwa anakuja kila siku na ukili wake wa kusuka, anajibu kwa niaba ya wenye nyumba: "Karibu." Siku akiwa na hasira hajibu, na kijana anabaki nje ananyeshewa.

Mtani wangu alinung'unika kuliko wote. Wazazi wake walikuwa wameshuka kutoka Mueda, Wamakonde wa juu kabisa, na mdomo wake haukujua kufunga. "Nyie watu wa pwani mtapiga hodi mpaka chakula kiliwe na wengine," alimwambia bibi. Bibi, bila kuinua macho kwenye ukili, akamjibu, "Wewe hujui hodi kwa kuwa huko kwenu hajawahi kutokea wa kukwambia karibu." Tulicheka mpaka mke wa jirani akaja na mwiko mkononi kuuliza kulikoni.

Sasa nisikilize hapa. Katika kijiji kile cha kwanza cha kijana palikuwa na kikongwe. Kila kulipokucha alisimama mlangoni kwake, akampa kijana mkate, akasema maneno yale yale ambayo hakuna aliyejua maana yake. Bibi alimpenda. Alimwita "mwenzangu". Kijana alitumwa mlimani kuleta dawa, tukampeleka, tukapigana na nyoka wa kutisha, tukaipata, tukarudi mbio kwa furaha. Tukakuta kijiji kimeungua. Majivu matupu. Muziki wa huzuni, ambao kwa mara ya kwanza tuliusikia kwa sababu hakuna aliyepumua, na mshale mwekundu juu ya kioo ukituambia twende mbele. Kikongwe hakuwapo.

Kisha bibi akauliza, "Mlimuaga?"

Hatukumuaga. Tulipita getini moja kwa moja kama mbuzi waliofunguliwa. Na pale pale, rafiki yangu, sisi wote tukaelewa kilichotokea: kijana ameondoka bila kuaga, hakupewa radhi, na ndiyo maana balaa limeingia nyuma yake. Kwa mtoto aliyelelewa kwetu hilo halikuhitaji ushahidi. Tukaomba tuanze upya kabisa. Jirani akashika kichwa, lakini akakubali.

Safari hii tuliaga nyumba hadi nyumba. Mwuza samaki, mhunzi, hata yule mlevi wa kando ya kisima. Kwa kikongwe tulimsimamisha kijana muda mrefu, na kila mmoja wetu akasema lake. Tukapanda mlimani na mioyo myeupe. Tuliporudi, majivu. Mtani wangu, yule wa mdomo, aligeukia ukutani na mabega yakawa yanamtikisika, nasi tukajifanya hatumwoni.

Nani alitoa wazo la tatu sikumbuki. Nadhani lilikuwa la wote. Tulianza upya tena, na tukakataa kuondoka.

Masika ile nzima tulibaki kijijini. Mvua ilipiga juu ya makuti, sisi tumebanana ndani tunakula mihogo ya kuchoma, na kwenye kioo kijana anaamka, anapokea mkate, anakata kuni, anafukuza kuku, anavua samaki mtoni, analala. Kesho yake hivyo hivyo. Na kijiji hakikuungua! Kila kulipokucha kikongwe alikuwa mlangoni. Tulipokezana komando kwa uangalifu kama tunapokezana kitoto kichanga, kwa kuogopa mtu asije akabonyeza vibaya akamtoa kijana getini. Jirani alikuwa anakuja, anatazama, anatikisa kichwa. "Mimi nimeleta vita na mazimwi," alilalamika, "nyie mnanichezea kukata kuni!" Lakini jenereta hakuizima. Sijawahi kuwa na furaha tulivu kama ya masika ile, nakwambia kweli.

Aliyetutoa ni bibi mwenyewe. Siku moja mvua imekatika, akaweka ukili chini.

"Hivi mnamlinda huyu mwenzangu, au mmemfunga mtoto wa watu? Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hakuzaliwa akae agawiwe mkate tu mpaka ndevu ziote. Muageni, apewe radhi, aende."

"Na kikongwe akiungua je?" mtani wangu akauliza.

"Aende," bibi akasema.

Ilikuwa zamu yake mtani. Hakutaka. Akanisukumia mimi komando. Nikamuaga kikongwe, bibi akamjibia, "Nenda, mwanangu, radhi unazo," na sauti yake haikuwa ya mchezo. Nikapanda mlima, nikachukua dawa. Kwenye njia panda mshale mwekundu ukaelekeza nyumbani. Nikageuza njia nyingine. Hakuna aliyenikataza. Tulizunguka kule kwingine mpaka jenereta ikafa kabisa, na hatukurudi kutazama, kwa hiyo hilo jogo hatukulimaliza. Mshale ulibaki juu ya kioo siku zote unatuita.

Tulikua. Mradi ukaja, tukaambiwa tutahamia Quitunda, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari kama madawati ya shule. Siku ya malori, bibi alizunguka nyumba za kijiji kizima, nyingine zimeshatolewa milango, akapiga hodi kila moja na kuziaga. Vijana wa mradi walikuwa wanatazama saa. Mtu asiyemjua angedhani amechanganyikiwa. Mimi nilimfuata nyuma nimebeba viatu vyake, nikasikia namna alivyosubiri kidogo kila mlango kabla ya kusogea.

Kisha vita, wenye bunduki wakaingia kwetu. Hayo unayajua, sitaki kuyarefusha. Siku ya kukimbia miguu ya bibi ilikuwa imeshakataa, na mama mdogo akasema atabaki naye. Nilimshika mikono. "Wabebe watoto," akaniambia. "Radhi unazo." Nikamuaga vizuri, kwa utulivu, kama alivyotufundisha. Na njia nzima ya kuelekea Nhica, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, mimi mtu mzima mwenye akili zangu niliamini kwamba kwa kuwa nimemuaga vizuri, nitamkuta.

Niliporudi kutoka ng'ambo ya mto tulikokimbilia, nyumba ilikuwa imefungwa. Majani yameota mlangoni. Mama mdogo alikuwa amekwenda Pemba na simu yake haipatikani. Nikasimama pale na mzigo kichwani, sijui niutue au niendelee kuushika.

Jirani alitoka nyumba ya pili. Ni yule yule wa jenereta, mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Hakuniuliza habari za safari. Alisema, "Pole, mwanangu," akanitua mzigo, akanikalisha kwenye mkeka, akanieleza yote. Kwamba ni kifua, si bunduki. Kwamba siku ya mwisho alikula nusu embe akalalamika kuwa maembe ya huku ni maji matupu. Ni akina nani waliomwosha. Upande gani wa makaburi, karibu na mkorosho gani. Nilimwomba anieleze tena, akanieleza tena, na habari ya embe akairudia bila mimi kumwomba, ndipo nikalia. Namshukuru Mungu kwa mzee yule. Sijui ningefanya nini na miguu yangu kama asingetoka.

Leo kijiji hakipo, bibi hayupo, na chumba kile cha petroli na samaki pengine kimepitiwa na barabara. Wale waliobaki tumetawanyika kama punje zilizomwagika, tunapigiana kelele kwenye simu. Na nimesoma maombi yao yote. Wawili wanataka kijiji kisiungue safari hii. Nawaelewa. Lakini vijiji huungua, na vikongwe hufa, hata ukiaga. Si hilo lililoniumiza utotoni, ingawa nilikuwa sijui. Kijana wetu alirudi akakuta majivu, akapigiwa muziki, akaonyeshwa mshale. Hakutoka mtu.

Basi mtani wangu, andika hivi, kwa Kiingereza chako chochote. Mwambie anayetengeneza kwamba kijiji akitaka akiunguze, lakini aache jirani mmoja. Asimpe kijana upanga wala dawa. Amtue mzigo, amkalishe chini, amweleze kikongwe alikufaje, alikula nini, nani alimwosha, kalazwa upande gani. Akiulizwa tena, aeleze tena. Kisha mchezo uendelee.