Spika za Maulidi Zilivyonisemea

Jamani, nikwambieni lililonifika Mtambile. Spika za maulidi zilikuwa kimya tangu asubuhi, kumbe kwenye kompyuta inayozipa sauti bado zimo draiva, zile programu za kukiendesha kifaa cha sauti cha zamani, zinagombana na za kipya. Nikajifungia chumbani, nikazifuta zile za zamani, nikaiwasha kompyuta upya. Nikavaa hedifoni, sikusikia kitu ila jenereta linalonguruma dirishani. Sikujua kuwa hedifoni sikuzichomeka. Nikaikabili maikrofoni niliyodhani imekufa, nikajizoeza maneno niliyoshindwa kumwambia Mzee Khamis:

“Mzee, nampenda binti yako Salma. Nataka kumuoa, lakini nakuogopa.”

Mlango ukagongwa. Ni Mzee Khamis mwenyewe, na nyuma yake watu wanacheka.

“Spika zimepona, mwanangu,” akasema. “Sasa walete wazee wako, maana Mtambile nzima tumeshakusikia.”