Lugha Isiyo na Shikamoo

Nimechoka kuulizwa faida. Nikisema najua Kiesperanto, naulizwa kinazungumzwa nchi gani. Nikijibu kwamba hakina nchi, kwamba kilitungwa ili watu wa mataifa mbalimbali wakutane bila yeyote kuwa mgeni kwenye lugha ya mwenzake, naulizwa sasa kinanisaidia nini. Mtu akiona kompyuta yangu haifanani na ya ofisini kwake, anauliza ni ya kampuni gani. Nikimweleza kuwa programu zake ni huria, zimeandikwa na watu tu, na kila mtu anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha na kumgawia jirani, anauliza tena: sasa inakusaidia nini? Nimefundisha jiografia sekondari ya Bashay miaka mingi. Maswali ya darasani yananitosha.

Watu wa mambo haya mawili nao ni walewale. Nilipoanza kujifunza Kiesperanto kwenye simu, niliingia kwenye kundi moja la mtandaoni na kuuliza swali dogo: hizi herufi zenye kofia naziandikaje kwenye kompyuta? Nilitegemea kuambiwa bonyeza hapa, kisha hapa. Niliambiwa nifute mfumo mzima wa kompyuta yangu, niweke mfumo huria. Nikafuta. Herufi zenye kofia zikaja na picha za harusi yangu zikaondoka. Mume wangu hajaacha kunikumbusha.

Aliyenipa ushauri huo ndiye nikawa nabishana naye karibu kila jioni, kwa Kiesperanto. Nilimwita mkaidi, naye akaniita mvivu wa kusoma maelekezo. Kiesperanto kina salamu moja tu, *saluton*, mkubwa na mdogo wanasalimiana hiyohiyo, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza ana umri gani. Nilijua tu kwamba nina mtu wa kuongea naye bila kuulizwa faida. Jioni moja akaandika kwamba ng'ombe wamerudi, tuendelee kesho. Nikamuuliza anaishi wapi. Akajibu kuwa anaishi chini ya mlima ambao bila shaka sijausikia, unaitwa Hanang.

Mlima huo naufundisha kila mwaka. Kumbe ni mtu wa Getanuwas, safari ya basi tu kutoka kwetu, nasi tulikuwa tunaandikiana kama watu waliotenganishwa na bahari.

Tulikutana Haydom, siku nilipompeleka mama yangu hospitali. Tulikubaliana kwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Nilikuwa natafuta kwa macho mtu wa rika langu. Akasimama mzee mwenye nywele nyeupe, koti refu, fimbo mkononi, mkubwa kuliko baba yangu. Alikuwa fundi wa redio na umeme enzi zake, akastaafu akarudi kwenye mifugo. Magoti yangu yaliinama yenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

Kuanzia hapo ubishi ukaisha. Hata mtandaoni nilianza kuandika kwa adabu, na naye akawa ananijibu kwa upole wa mzazi. Niliona nimepata mzee na nimempoteza mwenzangu, ila sikuwa na nguvu ya kulifikiria sana.

Wakati huo shule yetu ilikuwa imepewa kompyuta za zamani. Nilimlilia mkuu wa shule hadi akanipa chumba cha kuziweka. Alinipa kwa masharti: muhula ukiisha bila wanafunzi kukitumia, chumba kinakuwa stoo ya mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Sikumlaumu, mahindi yalikuwa yanaliwa na panya. Lakini chumba kile nilikitaka kuliko kitu chochote shuleni pale.

Nikamwomba mzee msaada. Alikuja kwa basi, barabara yote matope, akafungua kompyuta moja baada ya nyingine, akazipangusa vumbi, akaweka mfumo huria, na zilizokuwa zimekufa zikawaka. Kisha akachagua lugha. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwa nusunusu: menyu hii Kiswahili, ile Kiingereza, kama nyumba iliyoezekwa upande mmoja. Ya Kiesperanto ilikuwa imekamilika. Lugha isiyo na kijiji ilikuwa imetafsiriwa yote, na ya kwetu ikabaki njiani. Mzee akaziweka zote kwenye Kiesperanto, akakaa akatabasamu.

Nilijua palepale kwamba amekosea. Mtandaoni ningemrukia. Lakini nilikuwa nimemwamkia na nimemkaribisha chai, na watoto walikuwa wanamwangalia.

"Asante sana, mzee," nikasema.

Wanafunzi walikuja, wakaona *Dosiero* mahali pa faili na *Konservi* mahali pa kuhifadhi. Mmoja akauliza kama ni Kilatini cha kanisani. Siku zilizofuata wakapungua, mwisho nikawa nakaa mle peke yangu nasahihisha madaftari. Mkuu wa shule alipita mlangoni, akaangalia kuta kwa jicho la mtu anayepanga magunia.

"Mwalimu, naona pako kimya."

"Watakuja, Mkuu."

Mzee aliporudi kuangalia kazi yake, muhula ulikuwa unaishia. Nilijaribu kumwambia. Nilianza na samahani, nikaendelea na labda, na kama mzee ataona inafaa, na nikajikuta namwongezea chai.

"Watazoea, mwanangu," akasema. "Hata Kiswahili si cha nyumbani kwao. Mimi kwetu Kibarbaig, wewe kwenu Kiiraqw. Si tulikizoea?"

Nikamjibu kwa Kiesperanto. Sikupanga, kilitoka tu. Nilimwambia umekosea, na umekosea kwa ukaidi uleule wa siku zote. Watoto hawa wamejifunza Kiswahili cha shule, wakajifunza na Kiingereza cha mtihani, sasa unawaletea nyingine kabla hata hawajafungua faili. Wamechoka. Mimi nimechoka. Ziweke Kiswahili hata kama ni nusu, la sivyo muhula ukiisha hapa ni magunia.

Aliweka bisibisi chini. Akauliza, kwa Kiesperanto pia, kwa nini sikumwambia siku ya kwanza.

"Nilishakuamkia shikamoo," nikasema. "Ningekwambiaje?"

Alipita kompyuta moja moja akazibadilisha, akafunga mkoba wake, akaondoka na basi la mchana. Chai yake niliikuta imejaa kikombe. Nilijisikia vibaya sana, kama mtu aliyemfokea mzazi mbele ya wageni.

Wanafunzi walirudi kidogo kidogo. Palipokuwa na Kiingereza waliniuliza, nikawatafsiria, na jioni nikayatuma maneno hayo kwa wanaoandika ule mfumo, kwa sababu kwenye programu huria ukiona tundu unaruhusiwa kuliziba. Ni kazi isiyoisha. Macho yanauma, na hakuna aliyewahi kusema asante. Siku ya mwisho wa muhula mkuu wa shule aliingia, akakuta viti vimejaa. Alisimama nyuma ya binti mmoja aliyekuwa anaandika barua ya kuomba nafasi ya chuo, akaisoma yote, akatoka. Mahindi yakapelekwa chumba cha walinzi, na walinzi hawanisalimii hadi leo.

Mzee alikuwa kimya muda wote huo. Kwenye kundi hakuandika kitu. Niliona nimelipia chumba kwa kumpoteza mtu pekee ambaye hakuwahi kuniuliza faida, na jioni nyingine niliona bora ningeyaacha mahindi yaingie.

Mwishowe nilimpigia simu. Nyuma yake nilisikia kengele za ng'ombe.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Nikasubiri marahaba, haikuja, nikataka kukata simu.

"*Saluton*," akasema, taratibu, kama anayemsalimia wa rika lake. Kisha akaniambia kwamba ameisoma tafsiri yangu yote, ni mbovu kuanzia menyu ya kwanza, na nichukue kalamu.