Kibanda cha shitingi pale Mabanga, na neno nililomtupia mtu asiye na kosa

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Hii sijawahi kuiandika popote, na hata nyumbani nimesimulia nusu tu. Leo naitoa yote, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Mimi ni dereva. Wakati ule nilikuwa na lori dogo la kubeba kabichi na viazi kutoka Kibumba. Vita ikafika huko, barabara ya Rutshuru ikafungwa, wakulima wakashuka mjini na magodoro kichwani.

Wiki hiyohiyo gasketi ya injini ikaungua.

Karakana niliyoizoea ilijaa wakimbizi, watu wanalala hadi chini ya magari mabovu. Fundi wangu, muzee Ramazani, mtu wa asili ya Maniema, akasema tufungulie injini hapohapo kwangu Mabanga, kando ya njia.

Shida ilikuwa mvua. Injini ikishavuliwa kichwa, maji yakiingia kwenye silinda umekwisha.

Nikaenda sokoni nikanunua shitingi, yale maturubai ya plastiki wanayogawiwa wakimbizi. Muuzaji sikumuuliza ameitoa wapi. Kusema kweli, sikutaka kujua.

Wanaoijua Goma wanajua huchimbi shimo la nguzo hapa, chini ni mawe ya volkano matupu. Tulisimamisha miti minne ndani ya madebe, tukajaza mawe mpaka juu. Pindo la turubai tukalizungushia miti na kulikaza kwa mipira ya tairi.

Kibanda kikasimama imara. Nikajisifu.

Siku ya pili akatokea mwanaume mmoja, koti la kijivu, buti za mvua, matope mpaka magotini. Akasimama ng'ambo ya njia akitutazama. Hakusalimia.

Siku ya tatu akarudi. Akazunguka lori lote polepole, akaondoka.

Muzee Ramazani akaweka spana chini. "Ule mutu anahesabu kitu," akasema. "Usimwambie mutu yeyote siku tutamaliza."

Wakuu, muelewe hali ya mji. Kila sura ngeni ilikuwa na maswali. Huyu ni mkimbizi kweli? Katumwa na nani? Jirani aliyekuwa anakuomba chumvi sasa anakuchungulia kwenye pazia. Mimi mwenyewe nilihamishia nozeli za injini chumbani, nikazifunga kwenye shuka, nikazisukuma chini ya kitanda.

Siku ya nne, mchana, akavuka njia.

"Papa, hii shitingi uliitosha wapi?" akauliza, yaani niliitoa wapi.

"Inakuhusu nini?"

"Nauliza tu."

"Na wewe ulitoka wapi?"

"Kibumba."

Kibumba nilikuwa napakia kila wiki na sura yake sikuikumbuka. Na ningewezaje kukumbuka kila mkulima? Lakini hofu haifikirii hivyo.

Akanyoosha mkono kugusa turubai. Nikaupiga ule mkono. Halafu nikapaza sauti, nikasema lile neno.

Nikasema huyu ni mpelelezi wa waasi.

Watu walitoka kama walikuwa wanangojea nyuma ya milango. Sijui hata walikuwa wangapi. Mmoja akamshika kola, mwingine akaokota jiwe, na mawe kwetu hayatafutwi. Mama mmoja muuza makala, yaani makaa, alikuwa anapiga kelele kwamba yeye pia alimwona anazungukazunguka.

Nilitaka kusema "ngojeni". Sauti haikutoka. Huo ndio ukweli.

Yule mtu hakujitetea kwa maneno mengi. Alisema, "Ile njo shitingi yangu. Waliiiba kwetu kambini. Fungueni pindo la huku. Bibi yangu alilishona na uzi mwekundu wa tiriko ya mutoto."

Pindo hilo lilikuwa limezungushwa ndani ya mti. Kutoka njiani hakuna anayeweza kuliona.

Muzee Ramazani hakumwangalia mtu. Akapanda juu ya bampa, akafungua mpira, akakunjua.

Uzi wa sufu wa sweta, mwekundu, mishono mikubwamikubwa mpaka kwenye kona.

Kelele zilikatika. Aliyeshika jiwe akaliweka chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Dakika chache baadaye njia ilikuwa tupu, tumebaki watatu.

"Nilinunua sokoni," nikamwambia.

"Sawa," akajibu. Hakusema ameniamini.

Wingu lilikuwa limeshashuka. Nilitazama injini iliyo wazi na, wakuu, kwa sekunde kadhaa nilitaka kumwomba aniachie mpaka kesho. Muzee Ramazani akaniangalia tu. Nikaanza kufungua mipira.

Silinda tulizifunika kwa nailoni ya godoro na beseni la kufulia. Maji yaliingia hata hivyo, ikabidi tuvue na kusafisha upya.

Nilimsaidia kubeba turubai hadi kambini. Mke wake, yule aliyeshona pindo, alikuwa amekaa na watoto wawili chini ya vitenge vilivyoloa. Aliitambua shitingi kabla hatujaitua. Halafu akaniangalia mimi, akawavuta watoto nyuma yake.

"Njo huyu?" akamuuliza mumewe, yaani ndiye huyu aliyekuwa nayo.

Mume akaanza kulitandaza turubai. Nikaondoka na mvua yangu.

Kesho yake nilimtafuta muuzaji sokoni. Wenzake wakasema hawajawahi kumwona mtu wa namna hiyo.

Nilichojifunza? Kuuliza mali imetoka wapi, ndiyo. Lakini kinachonikosesha amani ni kingine: jinsi neno moja lilivyotosha, na jinsi nilivyoshindwa kulirudisha. Mke wake angeshona kwa uzi mweupe kama wa kila mtu, mtu yule angekufa mbele ya lori langu, na mimi ningeendelea kuamini nilikuwa sahihi.

Nisuteni mnavyotaka, nastahili. Ila aliyewahi kumnyooshea mtu kidole wakati wa vita, kisha akagundua amekosea, anieleze: ulimwendea tena? Ulimwambia nini? Mimi nimefika mlangoni pa kambi mara mbili, nikageuza.