Baba Mkwe Aliyeomba Atozwe Kodi

Umewahi kumuona mtu mzima na akili zake timamu akihangaika ili serikali imtoze kodi?

Mimi nimemuona. Ni baba mkwe wangu, na alikuwa amevaa jibini.

Tulieni, nitawaeleza.

Naitwa Kent, mtu wa Wisconsin, kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za kodi. Baba mkwe anaitwa Verlyn Tollefson, mstaafu wa kiwanda cha maziwa, mbishi balaa. Kila Ijumaa tukienda kula samaki wa kukaanga pale baa, hotuba yake ni ile ile. Mwaka wa tisa huu serikali haijaona hata senti yake.

Na hakudanganya. Kwa kipato chake cha uzeeni, ukishatoa misamaha yote ya kisheria, kodi yake ilikuwa sifuri.

Basi bwana, mwezi wa nne 2009 akapita kwenye duka la magari. Muuzaji akamwonyesha gari jipya la dizeli, akamwambia hili linanusa mafuta tu, halinywi. Tena anayelinunua ana nafuu ya kodi ya dola elfu moja na mia tatu.

Mzee hakuuliza nafuu hiyo inafanyaje kazi. Alirudi nyumbani na gari.

Mama mkwe, LaVonne, alikuwa anakunja nguo. Alilitazama lile gari kupitia dirisha, akauliza nani aliyemtuma.

"Hundi ya serikali itakuja kwenye sanduku la barua," mzee akajibu. "Isipokuja, chukua kibanda changu."

Hapo hata mimi nilishtuka. Kibanda ni kile cha kuvulia samaki kwenye ziwa likiganda. Mzee anashinda humo Januari nzima na redio yake na soseji zake, hataki kuona sura ya mtu. Mama mkwe alikuwa anakimezea mate siku nyingi akitaka kufugia kuku.

Wakapeana mikono, mimi nikiwa shahidi.

Mwezi wa kumi, tukiwa tunakunywa kahawa, mzee akaniuliza hundi yake inakuja lini. Nikamuuliza hundi gani. Alivyonieleza, nikaweka kikombe chini.

"Baba, ile nafuu hailetwi na posta. Inafuta kodi unayodaiwa. Wewe hudaiwi kitu, sasa ifute nini?"

Akaniuliza kama anaweza kuitunza mpaka mwakani. Nikamwambia haiwekwi, usipoitumia mwaka huu imekufa.

"Kwa hiyo kosa langu ni kutodaiwa?"

"Ndiyo hivyo, baba."

Namuonea huruma mpaka leo nikikumbuka uso wake. Miaka tisa anaringa, kumbe anajichimbia shimo.

Kuanzia siku ile mzee akawa anawinda kodi. Alitaka kipato, kipato chochote kile, mradi kikatwe kodi. Akaenda duka la jibini kando ya barabara kuu, wakampa kazi ya kuvaa kipande cha jibini cha sponji, cha njano, chenye matundu, awapungie mkono wenye magari. Novemba na Desemba zote, theluji inamwagika, mtu wa miaka sitini na saba amesimama pale anapunga.

Watu wa baa walikuwa wanapita makusudi kumpigia honi. Jirani yetu Orville alipita mara nne kwa siku moja.

Mchungaji alipomletea risiti ya sadaka zake za mwaka, aiambatanishe na fomu ya kodi, mzee akamrudishia. Alisema sadaka zinapunguza kodi, asimharibie. Mchungaji wa watu alikuja kuniuliza kama mzee anaumwa.

Mama mkwe yeye kimya. Kila asubuhi anamfungia zipu ya jibini mgongoni, anamwekea supu kwenye chupa, anamwambia kazi njema.

Februari tukakaa mezani, mimi, mzee, mama mkwe na makaratasi. Nikapiga hesabu. Nikarudia. Pamoja na jibini yote ile, kodi ilikuwa dola mia mbili na ushee. Hizo ndizo pekee ambazo nafuu ingefuta, iliyobaki yote inapotea.

Mzee akainamisha kichwa. Nakuapia, alikuwa karibu kulia.

Ndipo mama mkwe akafungua droo ya vijiko, akatoa karatasi moja, akanisogezea.

Ilikuwa ya akiba yake ya uzeeni, ya enzi alizokuwa mpishi wa shule. Mwezi wa tano mwaka ule ule wa gari alikuwa ametoa fungu zito kwenda kumuona dada yake Arizona. Na pesa ile inatozwa kodi. Na wao wanajaza fomu moja, mke na mume.

Nikapiga hesabu upya. Kodi ikapanda mpaka dola elfu mbili mia moja arobaini. Nafuu yote ikaingia, hakuna hata dola iliyopotea. Hata bila jibini ingeenea.

Mzee akasimama. Akamuuliza kwa nini alimwacha agande barabarani miezi miwili na karatasi iko kwenye droo.

"Hukuniuliza," mama mkwe akasema. "Halafu nyumba ilikuwa na utulivu mzuri."

Mzee akajikaza, akasema haidhuru, nafuu imepatikana, kibanda ni chake.

Mama mkwe akanigeukia, akaniuliza kinachobaki ni kiasi gani. Nikamwambia mia nane na arobaini, wanatakiwa kulipa.

"Kulipa kwa njia gani?"

"Kwa hundi, mama."

"Inakuja?"

"Inakwenda."

Mzee alinitazama kwa jicho baya sana. Mimi ningefanyaje, nilikuwa shahidi.

Jumamosi tulikivuta kibanda kutoka ziwani kwa lile lile gari la dizeli. Na kweli halikunywa mafuta. Sasa hivi kina kuku kumi na wawili, na redio aliwaachia.

Nilichojifunza ni hiki. Nafuu ya kodi ni ya mwenye kodi, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Na ukishamuuliza mtaalamu, muulize na mkeo, maana mimi mtaalamu mwenyewe sikumuuliza.