Siku niliyorukia zege ambalo halikuwepo

Wanaocheka wakiona mshono kwenye sakafu ya mashine yetu ya kusaga hapa kambini Nakivale wana haki, kwa sababu mshono ule ni wangu, na nimechoka kusikia ukisimuliwa vibaya, afadhali niusimulie mwenyewe.

Mimi si injinia. Ujenzi nilijifunza kwa kusoma (vitabu vitatu, kimoja hakina jalada), na vyote vinasema zege likishatiwa maji lina kama saa moja na nusu, baada ya hapo linaanza kuganda, ndiyo maana lori lake lina pipa linalozunguka njia nzima. Kwa hiyo mkandarasi mmoja wa Mbarara alipotuazima lori lake la zege kwa siku moja tumwage sakafu hiyo, kwa sharti kwamba saa kumi liwe limegeuza kurudi, nilikaa na daftari na saa. Liliondoka saa mbili. Likapata pancha njiani, pale Masha. Likafika saa saba, halina pipa, ni masanduku ya chuma tu na bomba nene nyuma, na watu wote wameshika makoleo wakisubiri neno langu.

Nilipaswa kumwuliza dereva swali moja. Badala yake nikatangaza kwamba beto (ndivyo tunavyoita zege sisi wa Kivu) imekufa njiani na haimwagwi hapa.

"Mzee, hapana kufa," dereva akasema. "Hii nachanganya hapa hapa."

"Usinifundishe!"

Tukabishana karibu saa nzima, yeye akionyesha tanki la maji, mimi nikionyesha daftari, hadi nikaamua kuleta ushahidi: nikapanda ngazi ya lori, nikasimama ukingoni, nikapaza sauti, "Tazameni, limekuwa jiwe!" nikaruka ndani kwa miguu miwili.

Ulikuwa mchanga. Mkavu kabisa. Ulinimeza hadi magotini.

Mama Riziki, mwenyekiti wa kikundi chetu, akauliza kutoka chini, "Papa Enjenyeri, ile jiwe inakumeza?"

"Mzee, toka kwa muchanga yangu," dereva akasema. "Saruji iko sanduku ile, kokoto iko hapa, maji iko tanki. Nilikuambia."

Nilitoka na kiatu kimoja. Cha pili kilibaki humo, na mashine ya lori ilipowashwa kikaenda kuziba mlango wa mchanga, ikabidi izimwe, dereva akakichomoa, akakiinua watu wote wakione: "Na hii, mzee, iko kwa kipimo?"

Zege likatoka laini, bichi, zuri kuliko lolote nililowahi kuchanganya kwa koleo. Saa kumi ikafika huku theluthi ya sakafu bado ni udongo, na lori likaondoka kama tulivyokubaliana. Sehemu iliyobaki tuliichanganya wenyewe kesho yake, mgongo ukiniuma, na pale zege jipya lilipokutana na la jana pakabaki mstari ambao Mama Riziki anauita "mupaka ya Enjenyeri".

Siku hizi nikikuta mashine nisiyoijua, namsalimia kwanza mwenye nayo, namwuliza inafanyaje kazi, na viatu vyangu vinabaki chini.

Mashine ya kusaga ilipokuja, waliifunga upande wa sakafu uliomwagwa na dereva. Upande wangu wanaweka magunia.